Koti la Mwenye Kinu

Kawajense, Mpanda
4 Machi 1996

Mpendwa Ernestine,

Kosa wanalofanya wengi wanapofungua kitabu cha Kiingereza ni kuacha kwao mlangoni, kama mtu anavyovua viatu vyenye tope. Wanaingia pekupeku, wanakaa pembeni, wanasubiri mwenye nyumba awaeleze kila kitu kina maana gani. Nimefundisha fasihi ya Waingereza na Wamarekani mpaka nikastaafu, na wanafunzi walionisikitisha zaidi si wale waliokosea. Ni wale waliosoma vizuri kabisa na hawakuona kitu.

Barua yako imefika. Unasema msimamizi wako anataka sura ya tatu ya tasnifu itoke yote, kwa sababu umemsoma yule mhunzi wa kitabu chetu kwa macho ya kijijini. Unasema pia kwamba kazi lazima ifike kwa watahini kabla ya mwisho wa Julai, la sivyo ufadhili unakatika na unarudi Mishamo mikono mitupu. Nimeelewa. Usiondoe kitu kwanza.

Unakumbuka tulivyokisoma kile kitabu? Shule ilikuwa na nakala moja tu, na nyie mlikuwa darasa zima la kidato cha tatu. Nikachukua kisu, nikakipasua mgongo, nikakigawa vipande, kila benchi kipande chake. Mkimaliza mnabadilishana. Mkuu wa shule aliponikuta alidhani nimerukwa na akili. Lakini ilibidi muulizane. Huyu anayelia ni nani? Nani alimpa farasi? Darasa lilikuwa na kelele kama mnada, na mimi nilikuwa na furaha ambayo sijaipata tena.

Benchi lenu lilianza na kipande cha mazishi. Mwenye kinu, yule Mwingereza aliyesaga ngano kwa nguvu ya mto, amelazwa sebuleni. Anaingia mhunzi jirani, anachukua koti la marehemu msumarini, analivaa, anatembea akichechemea kama marehemu alivyochechemea, anamwambia maiti, "Mvivu wewe, umekufa na ukuta wetu haujaisha." Halafu anaondoka na koti. Darasa zima likasema mwizi, hana haya. Wewe ukanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu si mtani?"

Wenzako walikuwa wameshasoma mwanzo, mhunzi anapogombana na mwenye kinu kuhusu mpaka. Wewe ulikuwa hujafika huko. Ulimwona akiingia msibani, ukamsalimia kama mtu unayemjua. Msimamizi wako anaweza kuwa sahihi kwamba umekosea. Ila nataka aonyeshe kosa liko ukurasa gani, siyo liko kijiji gani.

Mama wa hapa nyumbani anakusalimu. Amepumzika kidogo.

Mwalimu wako,
Dionizi


Chuoni, Dar es Salaam
25 Machi 1996

Mwalimu, shikamoo.

Nilicheka peke yangu niliposoma habari za kile kisu. Kitabu ninacho hapa mezani, kile kile, na uzi wa gunia ambao Mama alikishonea siku naondoka. Wenzangu wana nakala mpya zenye majalada ya rangi. Changu kinafunguka kama mkoba wa fundi cherehani.

Nilikwenda tena kwa Dokta, msimamizi wangu. Si mtu mbaya. Alinipa kiti, akanitolea vitabu viwili vya uhakiki. Kimoja kimeandikwa na Mwingereza, anasema mhunzi ni mwizi na adui, na dhihaka yake kwa maiti ndiyo kilele cha uovu wake. Kingine ni cha Mmarekani. Huyo amegundua kwamba sura kadhaa baadaye koti linaonekana tena msumarini nyumbani kwa mjane wa mwenye kinu, na hakuna mahali tunapoambiwa lilirudije. Anasema mwandishi alisahau. Eti ni kasoro maarufu, wanafunzi wa Amerika wanaulizwa kwenye mitihani.

"Hao ni watu wawili wenye miaka mingi kwenye kazi hii," Dokta akaniambia. "Wewe unaleta nini cha kuwapinga?"

Ningemwambiaje? Ningemwambia nilikuwa na miaka kumi na sita Baba alipofariki kule Mishamo? Unakumbuka tulivyokaa, Mwalimu. Sisi tuliokuja kutoka Burundi tuliacha makaburi, tukaacha na majirani wa kutuzika. Watu walikuwa wamekaa kimya, kila mmoja ana msiba wake wa zamani anaousikiliza. Halafu Mzee Ng'washi akashuka kwenye lori la mahindi. Tulimjua kama mtu aliyemuuzia Baba maksai, basi. Akaingia moja kwa moja, akachukua kofia ya Baba, akaivaa, akaanza kuchunguza meno ya wazee kama Baba alivyokuwa akichunguza ng'ombe kabla ya kununua. "Huyu hafai, amechoka. Huyu nitamchukua kwa mbuzi wawili." Baba mdogo Celestin akataka kumpiga. Ng'washi akasema, "Niache! Waha ni watani zangu, na Mrundi ni Muha aliyechelewa treni."

Mama yangu mzazi, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, alicheka mpaka akashika ukuta. Ndipo akaweza kulia. Ng'washi ndiye aliyeingia kaburini kusawazisha udongo.

Hiyo ndiyo sura yangu ya tatu. Nikiitoa, nitakuwa nimesema siku ile mwizi wa kofia alikuja kwetu.

Mbona Mama hakuandika mstari wake chini ya barua? Huwa hakosi kuniuliza kama nakula.

Binti yako,
Ernestine


Kawajense, Mpanda
17 Aprili 1996

Mpendwa Ernestine,

Nimesoma kuhusu kofia ya baba yako, marehemu Pontien. Ahsante kwa kuniandikia. Sasa nikwambie jambo ambalo halitakufurahisha: hayo yote si ushahidi.

Msimamizi wako akisema Uingereza hawana utani, atakuwa amesema kweli, kwa kadiri ninavyojua mimi na wewe. Ukiandika kwamba mhunzi ni mtani kwa sababu Ng'washi ni mtani, atakukata kwa mstari mmoja na mimi ningekukata vilevile. Kwenu kumekupa swali. Jibu lazima litoke kwenye kitabu. Mtu wa Kasekese anayejua udongo wa kwao anaweza kuutazama udongo wa mbali akasema, hapa pengine pana maji. Lakini bado anatakiwa kuchimba.

Basi chimba. Usiseme "mtani." Sema: tuseme koti halikuibwa, lilishikwa. Mtu anaposhika kitu cha msibani, anakishika mpaka lini? Tafuta mahali koti linaporudi msumarini, kisha rudi nyuma ukurasa kwa ukurasa uone ni nini kilichotokea kabla. Mmarekani aliona koti limerudi. Sidhani kama aliuliza kwa nini limerudi siku hiyo.

Wakati naandika haya Ng'washi ameingia bila hodi.

"Mfipa, bado unachemsha makaratasi? Hayo hayaivi."

"Piga hodi, Msukuma. Hapa si zizini."

"Nikipiga hodi utajua nimefika, utanitumia radi."

Anakusalimu. Yaani amesema nikwambie Mrundi anayesoma chuo ni sawa na ng'ombe aliyefungwa tai. Nimepunguza, alisema zaidi.

Unamuulizia Mama. Amekwenda Namanyere kwa dada yake kupumzika, kule kuna hewa nzuri. Akirudi ataandika mstari wake. Wewe maliza kazi.

Dionizi


Chuoni, Dar es Salaam
20 Mei 1996

Mwalimu! Shikamoo.

Nimelipata, na lilikuwa kwenye kipande cha benchi la Silvester, ndiyo maana sikuwahi kulisoma kwa makini. Silvester alikimwagia uji.

Ni hivi. Tangu mazishi mjane hacheki. Mwandishi anatukumbusha kila mara: anatabasamu kwa mdomo tu, anawajibu watu vizuri, anasaga ngano, anakwenda kanisani. Halafu majira ya mavuno kasisi anakuja kumfariji, na bata bukini wa mjane anamkimbiza kasisi mpaka anaingia mtoni na kitabu chake cha sala. Mjane anacheka. Imeandikwa kwamba sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto, na ng'ambo ya mto ndiko kilipo kiwanda cha mhunzi. Nimehakikisha kwa maelezo ya sura ya kwanza. Na kesho yake asubuhi koti liko msumarini!

Hakusahau, Mwalimu. Mwandishi hakusahau chochote. Koti lilikuwa linasubiri kicheko.

Nilikimbia kwa Dokta nikiwa na kitabu kifuani. Alisoma, akavua miwani, akasoma tena. Akasema, "Hapa umempata Mmarekani." Nilitaka kuruka. Kisha akasema, "Lakini Mwingereza bado anakusubiri." Akanionyesha: baada ya koti kurudi, mjane anakwenda mpaka mlangoni kwa mhunzi na kumwita mwizi mbele ya watu wote. Mwingereza anasema hapo ndipo kesi ilipofungwa. Aliyeibiwa mwenyewe ametamka.

Nimesoma ukurasa huo mpaka maneno yameacha kuwa maneno. Niambie naangalia wapi vibaya.

Na Mama amesharudi kutoka Namanyere? Nimemnunulia kitenge cha rangi ya majani ya chai. Nitakuja nacho mwenyewe nikimaliza.

Ernestine


Kawajense
8 Juni 1996

Wewe Mrundi,

Sikusalimii. Salamu ni za watu waliojaa adabu, na mimi darasa la tano liliniishia njiani.

Nakuandikia kwa sababu Mfipa ameshindwa. Kila siku anatoa karatasi, anaandika Mpendwa Ernestine, anaiweka. Ana Wapendwa Ernestine wengi kule ndani, wangetosha shule nzima. Sasa sikiliza, kaa chini kwanza. Mama yako Paskalia, mke wa Mfipa, amefariki mwezi uliopita. Hakuwa Namanyere. Alikuwa hospitali hapa hapa mjini, figo. Ni yeye mwenyewe aliyesema mtoto asiambiwe mpaka amalize mtihani wake, na Mfipa akashika neno la marehemu kama kupe. Mimi sikuahidi mtu yeyote kitu. Basi umejua.

Tumemzika vizuri. Nilijifunga kanga yake, nikashika kiuno kama yeye, nikasimama mlangoni nikaita, "Dionizi! Chai inapoa, na wewe uko na wafu wa Ulaya!" Watu walicheka, hata padri alijificha kwenye mkono wa kanzu. Mfipa hakucheka. Nikamwambia marehemu, "Umechoka kupika ukaamua kulala, mvivu wewe, unatuachia huyu asiyejua kuwasha jiko." Mfipa hakucheka.

Basi nimechukua mwiko. Ule mkubwa wa mninga ambao marehemu Paskalia alikuwa akiwafukuzia mbuzi. Natembea nao Kawajense yote, wakiniuliza nawaambia mimi ndiye bibi wa nyumba ya Mwalimu sasa. Amenifuata akasema rudisha. Nikamwambia, cheka kwanza. Kwa hiyo jioni anakuja kula kwangu, maana atapikia nini? Anaweza kununua mwiko sokoni, wamejaa tele. Hanunui. Anakula kama nzige, anatazama mwiko ulivyotundikwa ukutani kwangu. Nami nikimtazama naogopa kidogo, hilo usimwambie.

Wewe uliishi nyumba ile miaka yako ya shule. Nieleze nini kilikuwa kinamchekesha. Mimi zangu zimeisha.

Ng'washi, mtani wa marehemu baba yako, mwenye meno mabovu kuliko ng'ombe zake


Chuoni, Dar es Salaam
24 Juni 1996

Mheshimiwa Mzee Ng'washi,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Nimepokea taarifa yako kwa majonzi makubwa. Kwa niaba ya familia ya marehemu Pontien, na kwa niaba yangu mwenyewe, ninakushukuru sana kwa heshima kubwa uliyompa Mama yetu mpendwa na kwa huduma unayompa Mwalimu katika kipindi hiki kigumu. Hatutaweza kukulipa. Mwenyezi Mungu akubariki wewe na familia yako yote.

Wako mtiifu,
Ernestine


Chuoni, Dar es Salaam
24 Juni 1996

Mwalimu,

Shikamoo. Pole.

Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Nilimwandikia kwanza Mzee Ng'washi, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia.

Kwa hiyo wakati naandika "Na Mama amesharudi?" alikuwa anakata roho. Kitenge kiko hapa kwenye sanduku. Najua alikataza. Najua pia angenisamehe kama mngevunja neno lake. Alinishonea kitabu, Mwalimu. Alinilaza kwenye kitanda cha watoto wake ambao hakuwapata. Nilistahili kushika udongo wake.

Kuhusu tasnifu, nimemwambia Dokta nitaitoa sura ya tatu. Alishangaa, akasema bado kuna wiki kadhaa, nifikirie. Siwezi kusimama mbele ya watahini nikabishania koti la Mwingereza ambaye hakuwahi kuishi. Mjane alimwita mwizi, basi awe mwizi. Sura zilizobaki zinatosha kupata shahada.

Ernestine


Kawajense, Mpanda
12 Julai 1996

Mpendwa Ernestine,

Pole, mwanangu. Una haki ya kukasirika na sitajitetea. Mama alisema, "Huyu akija hatarudi kumaliza, namjua." Labda alikosea. Tumemzika upande wa mashariki, karibu na mparachichi alioupanda mwaka ule ulipoanza kidato cha tatu. Udongo haujakaa vizuri bado. Nimeacha upande mmoja bila kusawazisha, kwa ajili ya mkono wako.

Sasa nikueleze yaliyotokea hapa, uyasome kama unavyosoma kitabu.

Barua yako kwa Ng'washi ilifika Jumanne. Nilikuwa kwake, nasubiri ugali. Akaisoma taratibu, anasogeza kidole chini ya mstari. Nikategemea aanze kelele. Badala yake akaikunja, akaiweka mfukoni, tukala. Jumatano asubuhi nikasikia mtu anapiga hodi.

Ng'washi, Ernestine. Alipiga hodi.

Nikafungua, nikamkuta amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. Tangu nimjue hajawahi kuniita Mwalimu, na kwa umri ananizidi. Akaegemeza mwiko ukutani. "Nimeurudisha. Binti Pontien ameniandikia kiserikali. Ameniita mheshimiwa. Nimeona nilizidisha, nyie ni watu wasomi." Nikamwambia, "Ng'washi, sijacheka bado." Akasema, "Samahani kwa usumbufu," akaondoka. Hajaja tena. Jioni nakaa jikoni na ule mwiko, na nyumba imenyamaza kuliko siku ile ya mazishi.

Nakujua, hukukusudia ubaya. Ulikuwa na uchungu, ukashika adabu kama mtu anavyoshika fimbo gizani. Lakini mtani hashukuriwi. Ukimshukuru umemwambia yeye ni mgeni aliyefanya hisani, na deni limefungwa, aende zake. Matusi yake ni mlango alioacha wazi ili nawe uingie. Alikutukana kwa ukurasa mzima na hukumrudishia hata moja. Ulichomfanyia Ng'washi ndicho Mwingereza wako alichomfanyia mhunzi. Ulimsoma kwa mbali.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, namtazama akiteremka njia, nikakumbuka ukurasa unaokusumbua. Sina kitabu hapa, wewe unacho, kwa hiyo hakikisha. Mjane anakwenda kwa mhunzi, anamwita mwizi mbele ya watu. Lakini kwapani amebeba nini? Kama kumbukumbu yangu ni nzuri, amebeba mkate uliofungwa kitambaa, na mvuke unatoka. Anamwita mwizi, anamwambia amelinyoosha vibaya koti la watu, kisha anauweka mkate juu ya fuawe lake, mahali anapofulia chuma. Tafuta sentensi hiyo. Nani anampelekea mwizi mkate wa moto? Mwanamke yule hakuwa anashtaki. Alikuwa anamrudishia. Utani wa mtu mmoja ni matusi tu. Ukijibiwa ndipo unakuwa utani. Mwandishi alilijua jambo hilo hata kama hakuwa na neno lake. Neno unalo wewe, na usiliandike mpaka ukurasa wa mwisho wa sura, baada ya koti, kicheko na mkate. Hapo Dokta wako hatakuwa na mahali pa kukata. Irudishe sura mahali pake.

Hili la sura utalifanya kwa siku zako zilizobaki. Ng'washi ana umri mkubwa, na amekaa kwake akidhani amefukuzwa katika msiba wa watu wake.

Leo, kabla posta haijafungwa, mwandikie tusi zuri.

Dionizi